Komba Tuliyemsoma Kutoka Kulia

Jambo zima liligharimu shilingi ishirini na tano. Nimelihesabu mara mbili, kama nihesabuvyo kila kitu, na halizidi hapo: nauli hatukutoa kwa sababu tulikwenda kwa miguu na kurudi kwa miguu, na kachiri za muhogo nilizonunuliwa njiani Bibi alisema ni sadaka, haziingii hesabuni. Kwa hizo ishirini na tano tulipata kitabu cha picha kilichokwisha kupita mikono mingi, jalada lake limeshikizwa kwa gundi, na ndani yake mnyama mdogo mwenye begi jekundu aliyekuwa akiogopa kwenda skuli.

Ninacho mpaka leo. Bibi alipotutoka, tulikaa watoto na wajukuu kugawana vilivyobaki katika nyumba ya Kibokoni. Kitanda cha kamba kilipata wadai watatu, birika la shaba wawili, hata mbuzi ya kukunia nazi iligombewa na watu ambao hawajakuna nazi tangu waolewe. Nilipokitaja kitabu hakuna aliyeinua kichwa. Katika maisha yangu yote ya kuuza na kununua sijapata kitu kwa urahisi ule, na kitu kinachokuja kwa urahisi hunitia shaka. Nikakipeleka puani. Kilikuwa kinanuka mafuta ya taa, na karatasi iliyokula unyevu, na kwa mbali udi. Nikajikuta nimekaa kwenye ngazi, na binamu yangu akaniuliza kama nimeona nge.

Nyinyi wa rika langu mtaikumbuka Mombasa ile, ya sare zilizotiwa wanga mpaka zikasimama zenyewe, na ya redio za kaseti zilizovishwa vitambaa vya kudariziwa kama maharusi. Katika Mombasa hiyo, kila mtaa ulikuwa na mwanamke wake aliyekwenda Arabuni kufanya kazi za nyumba. Wa mtaa wetu alikuwa mama yangu. Baba alikuwa ameshamwacha na kuoa mji mwingine, na mimi sina neno naye. Mama alipata kazi Jidda, miaka miwili, na hesabu ya miaka hiyo nilikuwa nikiisikia kila jioni wakiipiga yeye na Bibi: mwaka wa kwanza ni paa, mwaka wa pili ni skuli yangu na akiba. Paa letu lilikuwa linavuja juu ya kitanda changu, kwa hiyo nililiona jambo lenyewe kuwa la haki kabisa, mpaka siku alipoondoka kweli.

Alipiga magoti mlangoni. Buibui lake likafunguka juu yangu kama hema, akanikumbatia mpaka nikausikia moyo wake unavyokwenda. Mle ndani mlikuwa na giza na udi na jasho. Nilidhani ni jasho la kubeba mizigo. Kisha akasimama, akashika begi lake, akafuata uchochoro mpaka kwenye kona bila kugeuka hata mara moja. Nilipokua ndipo nilipoambiwa kuwa Bibi ndiye aliyemwonya asigeuke, kwa kuwa akigeuka miguu yake itamkataa.

Skuli zilikuwa zifunguliwe baada ya siku chache, nami nilikuwa naingia darasa la kwanza. Sare ilikuwa tayari imepigwa pasi, inaning'inia kwenye msumari. Nikakataa kuivaa. Bibi alibembeleza, akaahidi mahamri, akatishia kunipeleka kwa baba, na mimi nikakaa kimya kama mtu anayengoja bei ishuke. Watu wazima wote waliamini naogopa mwalimu. Sikuwa naogopa mwalimu hata kidogo. Hesabu yangu ilikuwa nyingine: mama aliniacha nyumbani, nyumbani ndipo anapopajua. Skuli haijui. Akirudi akanikosa, atadhani nami nimeondoka, na atakwenda zake tena. Kwa hivyo mtu mwenye akili hukaa pale pale alipoachwa. Siku ya tatu nikamwambia Bibi hivyo, neno kwa neno. Alikuwa anachambua mchele. Akauweka ungo chini, akainuka, akajitanda buibui, akanishika mkono, na tukatoka.

Karibu na Marikiti alikuwapo kijana aliyetandika vitabu vya mitumba juu ya gunia, vile vilivyokuja na meli kutoka Ulaya pamoja na makoti ambayo hakuna mtu wa Mombasa aliyeyahitaji. Bibi alipiga magoti akavifunua kimoja kimoja, akitazama picha tu, mpaka akafika kwenye hicho chenye mnyama wa begi jekundu. Kijana akasema sitini. Bibi akamuuliza huyu ni mnyama gani.

"Ni sungura, nyanya."

"Sungura mwenye mkia huu?"

Kijana akatazama mkia, ambao kweli ulikuwa mnene kama ufagio, akasema basi ni aina ya paka. Bibi akasema hawezi kutoa sitini kwa mnyama ambaye muuzaji mwenyewe hamjui. Kijana akashuka hadi arobaini, akasema kitabu ni cha Kizungu safi, je, nyanya anasoma Kizungu? Bibi akamjibu kuwa ameuliza bei, hakuuliza masomo. Tuliondoka mara moja tukaitwa, tukaondoka tena tukaitwa, na kwenye ishirini na tano wote wawili wakachoka kwa heshima. Biashara yangu yote nimejifunza pale juu ya lile gunia. Njiani Bibi akaamua kuwa mnyama ni komba, ila huyu hanywi tembo la mnazi, yuaenda skuli.

Tulikaa kwenye baraza ya ndani, mimi ubavuni kwake, akakiweka kitabu juu ya mapaja na kukifungua. Alikifungua kutoka kulia. Mimi nami nisingekifungua vingine. Bibi alikuwa msomaji: alikuwa anasoma msahafu kila siku baada ya alfajiri, na barua za watu wa mtaa mzima alikuwa anaziandika yeye, Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, mwandiko ambao wazee walikuwa wakiusifia. Mimi nilikuwa nimeshakaa chuoni, kwa mwalimu wetu wa Kurani, na kila kitabu nilichowahi kushika kilikuwa na mlango wake upande wa kulia. Herufi za Kizungu hakuna kati yetu aliyezijua, na Bibi alizipita kama mtu anavyopita michoro ya pambo kwenye ukingo wa leso. Picha zilikuwa nane. Zilijieleza.

Ya kwanza, kwa mkono wetu, ilikuwa mama komba amepiga magoti kwenye lango amemkumbatia mwanawe, mikono yote miwili, macho amefunga.

"Hapa mamake yuamuaga," Bibi akasoma.

Sikuhitaji kuambiwa zaidi. Nilikuwa nimetoka ndani ya mikono ile juzi tu. Picha ya pili komba mdogo anachora na wenzake, ya tatu wanacheza na mmoja anamkatia tunda lake, ya nne amekaa peke yake kwenye benchi machozi yanamtoka. Bibi akasema hapo amemkumbuka mamake, lakini hakutoka darasani, alikaa kama mtu mzima. Halafu akafunua ya tano. Mama komba amesimama langoni, mkono ameunyoosha juu, kiganja wazi, na mtoto amegeuza uso kumtazama.

"Na hapa mamake amekuja. Yuamwita."

Ya sita wanakwenda njiani wameshikana mikono. Ya saba wako mezani, kuna bakuli linalofuka moshi, na Bibi akasema ni mbaazi za nazi. Ya nane mtoto yumo kitandani chini ya shuka, mama amekaa ukingoni mwa kitanda, taa inawaka. Kitabu kikaisha hapo. Nikamuuliza Bibi mamake alijuaje kama mtoto yuko skuli. Akasema mama hujua. Nikauliza itachukua muda gani. Akasema mpaka kurasa ziishe. Nikamwambia akisome tena, akakisoma tena, na asubuhi nikaivaa ile sare bila kusukumwa, hata wanga uliokuwa unanikwaruza shingoni nikaunyamazia.

Skuli ilikuwa upande wa Ganjoni, mbali kidogo kwa miguu ya mtoto, kwa sababu huko ndiko nafasi ilikopatikana. Siku ya kufungua, watoto walikuwa wanalia langoni, wameng'ang'ania nguo za mama zao, na mimi niliwatazama kwa dharau ya mtu aliyeshasoma kitabu. Nilimwachia Bibi mkono mwenyewe. Mwalimu wetu, Mwalimu Mwende, mwanamke wa bara ambaye mumewe alikuwa anafanya kazi bandarini, alinisifu mbele ya wote kwa ushujaa. Nikaona ni haki yangu.

Kengele ya kutoka ilipolia nilikimbia mpaka langoni, nikauona mkono umenyooshwa juu ya vichwa vya watu, kiganja wazi. Ulikuwa mkono wa Bibi. Nililia pale pale, mimi niliyekuwa shujaa, na Bibi akainama kunitafuta jeraha. Nikamwambia asiunyooshe tena. Huo ni wa mama, yeye akija atasimama hapa na mimi nitadhani ni Bibi, nitachelewa kukimbia. Bibi akaushusha mkono. Tangu siku hiyo alikuwa akinisubiri mahali palepale, karibu na nguzo ya lango, mikono yake ameificha ndani ya buibui, na mimi nilikuwa nalazimika kumtafuta kwa viatu.

Hivyo ndivyo nilivyopenda skuli. Wengine walipenda kwa sababu ya michezo, mimi nilipenda kwa sababu kila siku ilikuwa ukurasa. Nilipokosa kwenda, kwa homa, nilihesabu nimempotezea mama siku ya safari. Katikati ya muhula ikaja kaseti kutoka kwake, imeletwa na mtu aliyekuja likizo. Bibi aliiweka kwenye redio, akakunja kitambaa kilichoifunika, tukakaa. Mama alisalimia watu wote wa mtaa kwa majina, mpaka Bibi akanong'ona kuwa atamaliza kaseti kwa salamu. Kisha akasema nami: nisome, nile, nisimchokoze Bibi, na kwamba yuaja. Nyuma ya sauti yake kulikuwa na mvumo usiokatika. Nikaamini ni bahari, kwamba ameshapanda meli na yuko njiani. Nina duka sasa, na duka lina mashine ya kuleta baridi ukutani, na ndiyo iliyonieleza ule mvumo ulikuwa wa nini.

Muhula wa pili akaletwa darasani mtoto mgeni, aliyehamia kutoka bara na wazazi wake. Alilia kuanzia kengele ya kwanza mpaka tukashindwa kusikia mwalimu. Mimi, kwa kuwa ndiye niliyekuwa na dawa, kesho yake nikaja na kitabu ndani ya begi, nimekifunga kwa leso. Nikampelekea Mwalimu Mwende, nikamwambia asomewe huyu, atanyamaza. Mwalimu akafurahi, akatukalisha wote chini mbele ya ubao, akakiinua tukione. Akakifungua kutoka kushoto.

Nilidhani ameteleza. Nikangoja ageuze. Akaonyesha mtoto kitandani na mama ukingoni, akasoma kwa Kizungu kisha akatufasiria: asubuhi imefika, leo ni siku ya kwanza ya shule, mtoto hataki kuamka. Nikasimama.

"Mwalimu, umeanzia mwisho."

Darasa likacheka. Mwalimu hakucheka, na kwa hilo namshukuru mpaka leo. Aliniita mbele, akaniambia, "Zuhura, kitabu hiki kinaanzia huku. Ona, hapa kuna namba moja." Tulikuwa tumeshafundishwa namba. Moja ilikuwa moja. Nikasimama kando yake huku akiendelea, na kila ukurasa alioufunua nilikuwa naujua na ulikuwa unakwenda kinyume: wanakula, wanatembea, halafu wanafika langoni. Akaweka kidole kwenye ule mkono ulionyooshwa.

"Hapa mama anasema kwaheri. Anakwenda kazini."

Nikamwambia hapana, hapo amekuja kumchukua. Akanionyesha maneno, kana kwamba maneno ni mashahidi, akasema yameandikwa hivyo. Kisha kwa sauti ya kunipoza akaniambia ningoje, mwisho ni mzuri. Akafunua mpaka picha ya kukumbatiana. "Umeona? Mama amerudi." Yule mtoto mgeni alikuwa amenyamaza kweli, anatabasamu. Mimi nilikuwa natazama ile mikono miwili na yale macho yaliyofungwa, na nilijua kwa mwili wangu kwamba hiyo si picha ya mtu anayerudi.

Nilimweleza Bibi tukiwa njiani. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza kama mwalimu ameonyesha na hizo namba, nikasema ndiyo. Tukapita kwa muuza viazi bila yeye kuuliza bei, jambo ambalo halikuwa kawaida yake. Tulipofika nyumbani akakichukua kitabu, akakigeuza upande huu na ule, akaviangalia vile vidude vya namba chini ya kurasa.

"Huyo mwalimu wako ana haraka," akasema. Kisha akaniuliza, "Na weye wataka kianzie wapi?"

"Kwako."

"Basi."

Tukaendelea na njia yetu. Nami nikafanya mapatano ya kimyakimya na dunia, kwamba kitabu cha Mwalimu Mwende ni cha komba wa bara, na chetu ni cha komba wa Kibokoni, na kila komba atarudishiwa mamake kwa mpango wa kwao. Lakini kwa kuwa nilikuwa mtoto wa kutazama, niliona kuwa Bibi anapofika langoni, kwenye ule mkono, sasa anakawia. Alikuwa anasema "amekuja" kama mtu anayetoa noti ambayo hana hakika nayo.

Ilikuwa siku moja baada ya skuli, kipindi kile cha mawingu na upepo wa kusi ambapo hata Mombasa mtu hutafuta kitu cha kujifunika. Langoni alinisubiri jirani yetu badala ya Bibi. Hakusema kwa nini, na mimi sikuuliza, kwa sababu alininunulia juisi ya ukwaju bila kuombwa. Tulipoingia uchochoro wetu nikaona ndara zimejaa mlangoni petu, za kike, zimemwagika mpaka kizingiti cha nyumba ya pili. Nilizihesabu, nikapotea, nikazihesabu tena. Kutoka ndani kulikuwa kunakuja harufu ya kahawa na udi. Nyumba yetu haikuwahi kuwa na ndara nyingi vile ila kwa jambo moja tu, mgeni mkubwa, na mgeni mkubwa niliyekuwa nikimngoja alikuwa mmoja. Nikaangusha begi nikakimbia. Nakumbuka nilikuwa nacheka. Nakumbuka nilivyokuwa nikiruka magoti ya wanawake waliokaa kwenye mikeka, nikitazama uso huu na ule, na kila uso niliouangalia ulikuwa unainama. Mmoja akaanza kulia kwa sauti, akashikwa mdomo na mwenzake.

Nilimkuta Bibi chumba cha ndani, amekaa chini ameegemea kitanda. Nikamuuliza mama yuko wapi. Akaniambia nikalete kitabu.

Nilikitoa chini ya mto, nikampa. Akakiweka mapajani kama siku zote, nikakaa ubavuni kama siku zote. Halafu akakigeuza. Akakifungua kutoka kushoto.

Nikamwambia, "Bibi, hivyo ni vya mwalimu."

"Hivyo hivyo," akasema.

Alisoma polepole. Hapa wamelala, mtoto na mamake. Hapa wala mbaazi. Hapa waenda, wameshikana. Sauti yake haikuwa na kitu ndani, ilikuwa kama sauti ya mtu anayehesabu pesa za mwingine. Akafika langoni. Akaweka kidole chake chenye hina iliyopauka juu ya ule mkono, juu ya kiganja chenyewe.

"Na hapa mamake yuamuaga."

Hakufunua tena. Nilingoja. Nilikuwa nakijua kitabu kwa pande zote mbili, nilijua kwa njia hii bado kuna machozi, na tunda, na kuchora, na mwisho kabisa kukumbatiana, ambapo mwalimu alisema mama amerudi. Kwa mara ya kwanza nilitaka mwalimu awe na haki. Nikashika ncha ya karatasi nifunue mwenyewe. Bibi akaweka kiganja chake kizima juu ya ukurasa.

"Zilizobaki si zetu, mwanangu."

Neno la kufa halikutajwa chumbani mle. Nililisikia baadaye, kwa wanawake wa nje, pamoja na maneno mengine: homa, siku tatu, wenyeji wake walimpeleka hospitali, ameshazikwa, Mungu amemchagulia ardhi njema. Walilirudia hilo la ardhi njema kila mgeni mpya alipoingia, na mimi nilikuwa nikifikiri ardhi njema ni ya kulimwa, kwamba huko wamempa shamba. Lakini jambo lenyewe nilikuwa nimeshalijua, nimeambiwa na Bibi kwa namna ambayo yeye na mimi pekee tungeielewa. Nimewahi kujiuliza ilimgharimu nini kukigeuza kile kitabu. Mwanamke ambaye hakukubali bei ya mtu yeyote Mombasa, alikubali ya Mwalimu Mwende, siku ile aliyomzika mwanawe bila maiti, ili mimi niambiwe kwa lugha niliyokuwa nayo.

Nilirudi skuli matanga yalipokwisha. Mwalimu Mwende alikuja mpaka langoni kunipokea, akamwambia Bibi pole kwa Kiswahili chake cha bara, akanibeba, ingawa nilikuwa nimeshapita umri wa kubebwa. Hakuna aliyekitaja kitabu, wala hakijasomwa tena na mtu yeyote. Bibi aliendelea kuja kunichukua miaka iliyofuata, mpaka nikaona haya kuchukuliwa, na siku zote alisimama penye ile nguzo na mikono yake ndani ya buibui. Sikumwambia anaweza kuitoa. Naye hakuuliza.

Sasa mimi ni mkubwa kuliko mama alivyowahi kuwa. Nimeuza, nimenunua, nimezaa, nimepeleka wangu skuli na kuwapungia mkono kama kila mzazi, na wao wakaingia bila kugeuka, ndivyo nilivyotaka. Mwaka huu, Mungu akipenda, naenda umra, ile hija ndogo. Nauli nimelipa. Kikundi chetu kitashukia Jidda, na kiongozi amenikubalia asubuhi moja niachane na wenzangu niende makaburini. Jina la makaburi ninalo, nimelipata kwa mzee aliyefanya kazi na mama wakati ule, ndilo pekee alilolikumbuka. Ananiambia kaburi halina jina wala jiwe la kuandikwa, yote ni sawasawa, na kwamba mlinzi hatamruhusu mwanamke kupita. Nimejaribu kuuliza wengine na kila mmoja ananipa jibu lake: huyu anasema kuna ukuta ambao mtu anaweza kuchungulia juu yake, yule anasema huoni kitu, mwingine anasema nitume mwanamume aingie amsalimie kwa niaba yangu, lakini huyo mwanamume nitamwelekeza wapi, hata mimi sijui kaburi ni lipi.

Kwa hiyo nauliza hapa, kwenu mnaonisoma na mliofika huko, hasa wanawake. Lango liko upande gani? Mtu akikatazwa kuingia, husimama wapi ili asifukuzwe, na anaruhusiwa kukaa kwa muda gani? Na mlinzi akiniuliza namtafuta nani mle ndani, nimjibuje? Kiarabu changu ni cha kuswalia tu. Nataka sentensi moja fupi ambayo ataielewa, nami niweze kuitamka bila kukatika katikati.